Kichwa kinauma wiki ya tatu

*Fangasi wa ubongo husemwa kuwa ni ugonjwa adimu. Barani Afrika huua maelfu ya watu kila mwaka, ilhali mojawapo ya dawa zake ilitengenezwa kabla ya Tanganyika kupata Uhuru. Kinachokwamisha ni nini?*

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA amelala kwa ubavu, magoti yamevutwa kuelekea kifuani, kidevu kimeinamishwa. Daktari anapapasa mgongo wa chini, anahesabu pingili kwa kidole, anapaka dawa ya kuua vijidudu, kisha anachukua sindano yenye urefu wa sentimita tisa hivi. Inapofika penyewe, anachomoa kijiti cha ndani na kusubiri.

Kwa mtu asiye na tatizo, maji ya uti wa mgongo hudondoka taratibu, tone moja, kisha lingine. Kwa huyu yanakuja kwa kasi. Daktari anaunganisha mrija wenye alama za sentimita, anausimamisha wima, na maji yanapanda: 25, 30, 40. Ubongo umebanwa ndani ya fuvu. Ndiyo maana kichwa kimemuuma wiki tatu mfululizo, Panadol haikufua dafu, na sasa anaona vitu viwiliviwili.

Hayo ni pale ndugu wanapokubali. Mara nyingi hawakubali. Nje ya wodi kuna kauli iliyozoeleka kuliko maelezo yoyote ya daktari: aliyechomwa sindano ya mgongo hainuki tena, atapooza au atakufa. Shemeji anasema asubiriwe kaka mkubwa aliye safarini. Mama anasema mwanawe apelekwe kuombewa kwanza. Fomu ya ridhaa inabaki haijasainiwa, na siku inapita.

Ugonjwa unaotafutwa kwa sindano hiyo ni homa ya uti wa mgongo isiyoletwa na bakteria wala virusi. Inaletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi, na karibu wote wanaouguzwa nao katika hospitali za Afrika Mashariki ni watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana.

Kutoka kinyesi cha njiwa

Fangasi huyu si mgeni. Mwaka 1894, nchini Italia, Francesco Sanfelice alimkuta kwenye maji ya tunda la pichi. Mwaka huohuo, nchini Ujerumani, Otto Busse alimkuta kwenye mfupa wa mguu wa mgonjwa. Anaishi kwenye udongo, kwenye miti iliyooza na hasa kwenye kinyesi kikavu cha njiwa. Upepo ukipuliza, chembe zake hupeperuka na sisi huzivuta puani bila kujua.

Wanaofuga njiwa wasikimbilie kubomoa mabanda. Watu wengi wamekwisha kuvuta chembe hizo tangu utotoni na hawakuumwa chochote, kwa kuwa kinga ya mwili huzidhibiti mapafuni. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukohoa, kula pamoja wala kumuuguza mtu. Shida huanza pale kinga inapoporomoka, hasa chembe za kinga ziitwazo CD4 zinaposhuka chini ya 100 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Fangasi aliyelala huamka, huingia kwenye damu na kupanda kichwani.

Huko hujijengea makao. Amevaa gamba nene la utelezi linalozuia askari wa mwili kumshika, na utelezi huo ukimwagika kwa wingi huziba njia ambazo maji ya ubongo hutumia kurudi kwenye damu. Maji yanazidi, shinikizo linapanda. Mgonjwa hutapika, huona vitu viwiliviwili, husikia kwa shida, na wengine hupofuka moja kwa moja. Wapo wanaobadilika tabia na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, nyumbani ikasemwa amerogwa.

Maabara hulitumia gamba hilohilo kumnasa. Tone la maji ya mgongo huchanganywa na wino mweusi wa kuchorea na kuwekwa chini ya darubini. Wino hutanda kote isipokuwa pale fangasi alipo: kila mmoja huonekana ndani ya duara jeupe. Njia hii ni rahisi na ya zamani, ila huwakosa baadhi ya wagonjwa, hususan wale ambao fangasi wao bado ni wachache.

Adimu kwa nani?

Mwaka 2012 Marekani ilikumbwa na taharuki ya fangasi wa ubongo. Kiwanda kimoja cha kuchanganya dawa katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, kilisambaza sindano za kutuliza maumivu ya mgongo zilizoingiwa na ukungu. Safari hiyo fangasi alikuwa wa aina nyingine, Exserohilum rostratum, ambaye kwa kawaida hushambulia majani. Mamlaka za afya zilihesabu wagonjwa 753 katika majimbo 20, na vifo 64. Wakuu wa kiwanda walifikishwa mahakamani, wakafungwa. Bunge la Marekani lilitunga sheria mpya mwaka 2013.

Huo ndio uadimu: ugonjwa unaoshtua nchi nzima kwa sababu haujazoeleka.

Kwa kriptokokasi hesabu ni nyingine kabisa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Infectious Diseases yanaonyesha kuwa kwa mwaka 2020 pekee watu 152,000 wanaoishi na VVU waliugua homa hii duniani, na 112,000 wakafa. Ni sawa na asilimia 19 ya vifo vyote vinavyohusiana na UKIMWI, na mzigo mkubwa uko Afrika, kusini mwa Sahara.

> Watu 112,000 kwa mwaka mmoja. Ni karibu mmoja kati ya kila watano wanaokufa kwa UKIMWI.

Hakuna mahakama iliyokaa kwa ajili yao. Hawa hawakuuawa na kiwanda kimoja. Wanakufa mmoja hapa, wawili kule, na katika cheti cha kifo huenda ikaandikwa malaria kali, kifua kikuu, au neno UKIMWI peke yake. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari kwa binadamu, 19 kwa jumla. Kriptokokasi aliwekwa kwenye kundi la juu kabisa pamoja na wengine watatu.

Sindano inayoogopwa

Turudi kwa ndugu wanaokataa, kwa sababu hawakatai kwa ujinga. Wameona kwa macho yao. Jirani alichomwa Jumatatu akafa Jumatano. Wasichokiona ni kwamba jirani huyo alifikishwa hospitali akiwa amechelewa kwa wiki nne, na sindano ilikuwa jambo la mwisho kufanyiwa kabla ya kifo. Lawama ikaangukia kilichokuwa karibu.

Sindano yenyewe huingizwa chini ya mahali neva kuu ya mgongo inapoishia, kwenye nafasi ya tatu au ya nne ya pingili za kiunoni. Pale pana maji na nyuzi zinazoelea. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa au kiuno siku kadhaa, lakini kupooza kwa sababu yake ni jambo la nadra mno.

Tena kwa mgonjwa wa kriptokokasi sindano hii ni zaidi ya kipimo, ni tiba. Shinikizo likizidi sentimita 25 hutakiwa kutolewa maji mpaka lishuke, na pengine kurudia kesho yake na keshokutwa. Utafiti uliofanyika Uganda ulikuta waliotolewa maji zaidi ya mara ile ya kwanza walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika siku za mwanzo, pungufu kwa zaidi ya nusu. Wapo wanaoingia wamebebwa, na saa chache baada ya maji kupungua wanaomba uji.

Ila na upande wa hospitali una lake la kujibu. Daktari mmoja mwenye wagonjwa 40 hana nusu saa ya kukaa na familia akiwaeleza. Fomu huletwa na nesi aliyechoka, imeandikwa kwa Kiingereza, na ndugu anaambiwa asaini hapa. Mimi pia ningesita.

Vidonge 140

Dawa zipo tatu, na hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo.

Ya kwanza ni flukonazoli, kidonge kinachojulikana hata kwenye maduka ya dawa ya mitaani kwa fangasi wa mdomoni na ukeni. Ni rahisi, ni salama kiasi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tiba pekee katika hospitali nyingi za Afrika. Tatizo ni kwamba ikitumika peke yake inamchelewesha fangasi tu, haimuui. Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa nayo pekee hufariki ndani ya wiki kumi.

Ya pili ni amfoterisini, dawa ya mshipani iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Venezuela miaka ya 1950. Inaua fangasi kwelikweli, lakini aina yake ya zamani humtesa mgonjwa: homa, kutetemeka, figo kuchoka, damu kupungua, potasiamu kushuka. Lazima atundikiwe dripu kwa saa kadhaa kila siku na vipimo vya damu vifuatiliwe, jambo gumu pale ambapo mashine ya kupima figo imekosa kemikali tangu mwezi uliopita.

Ya tatu ndiyo yenye kisa. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 ikitafutwa dawa ya saratani. Kwa saratani haikufaa, lakini katika miaka ya 1960 ikaonekana inaua fangasi. Ni vidonge. Hakimiliki yake ilikwisha zamani. Hata hivyo, kwa miongo mingi haikuwa imesajiliwa wala kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika, mahali penye wagonjwa wengi kuliko popote.

Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa ACTA uliohusisha wagonjwa 721 kutoka Zambia, Malawi, Cameroon na Tanzania. Waliopewa amfoterisini wiki moja tu pamoja na flusitosini, waliofariki ndani ya wiki kumi walikuwa 24 katika kila 100. Waliotumia vidonge vitupu, flukonazoli na flusitosini, walikuwa 35. Ukilinganisha na ile zaidi ya nusu ya flukonazoli peke yake, ni maisha mengi. Na watu wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliomeza vidonge hivyo, wakati nje ya utafiti ilikuwa vigumu kwa ndugu kuipata flusitosini madukani.

> Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957. Hakimiliki yake ilikwisha zamani, na bado haikufika palipo na wagonjwa.

Miaka minne baadaye ukaja utafiti wa AMBITION, uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Safari hii amfoterisini ya aina mpya, iliyofungwa ndani ya matone ya mafuta na isiyoumiza sana figo, ilitolewa mara moja tu kwa dozi kubwa, pamoja na vidonge vya siku 14. Katika wagonjwa 814, waliokufa ndani ya wiki kumi walikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 waliopata tiba ya siku saba. WHO ilibadilisha mwongozo wake mwaka huohuo wa 2022.

Chukua mgonjwa wa kilo 50. Siku ya kwanza anahitaji chupa 10 za amfoterisini hiyo, kila moja ikiwa na miligramu 50. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kuziuzia nchi zenye kipato kidogo kwa dola 16.25 kila chupa, hivyo chupa hizo 10 peke yake zilikuwa dola 162.50, tena kama nchi ilizipata kwa bei hiyo. Vidonge vya flusitosini ni 10 kwa siku, vikigawanywa kila baada ya saa sita, hata saa nane za usiku. Kwa siku 14 ni vidonge 140. Juu yake kuna flukonazoli sita kila siku.

Kwa upande wa bohari za serikali hoja ni ya mezani na haina ubaya: utaagizaje dawa ya ghali yenye muda wa kuharibika, kwa wagonjwa ambao takwimu zako hazionyeshi kuwa wapo? Watengenezaji nao husema hawasajili dawa mahali pasipo na oda. Watafiti hujibu kuwa takwimu hazipo kwa sababu hakuna anayepima, na hakuna anayepima kwa sababu akimpata mgonjwa hana cha kumpa. Kila mmoja anasema kweli. Viwanda vya India vilipoanza kutengeneza flusitosini na wafadhili wa kimataifa kukubali kuinunua, mnyororo huo ulianza kukatika, lakini ulikatwa kwa fedha za wengine.

ARV siku hiyohiyo

Lipo jambo lingine ambalo hata wahudumu wa afya hulisahau.

Tangu mwaka 2015 WHO inashauri kila anayekutwa na VVU aanzishiwe ARV bila kusubiri CD4 zishuke, na baadaye ikaongezwa kuwa ikiwezekana aanze siku ileile. Kwa walio wengi ni sera njema, imeokoa watu. Kwa mtu mwenye fangasi ubongoni inaweza kumuua. Kinga ikiamka ghafla humshambulia fangasi kwa fujo ndani ya fuvu ambalo tayari limejaa.

Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014, uliwagawa wagonjwa 177: nusu waanze ARV wiki ya kwanza au ya pili, nusu wasubiri wiki tano. Ndani ya wiki 26, walioanza mapema walikufa asilimia 45, waliosubiri asilimia 30. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Ndiyo maana sasa hutakiwa kusubiri wiki nne mpaka sita.

Kwa hiyo swali moja kabla ya kufungua kopo la ARV lina uzito: kichwa kinakuuma? Tangu lini?

Mashine zilizofunikwa kitambaa

Sera hiyohiyo ilileta hasara isiyokusudiwa. Kama kila mtu anaanza dawa bila kujali CD4, kuna haja gani ya kupima CD4? Fedha zikahamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na mashine za CD4 katika vituo vingi zikafunikwa kitambaa. Lakini CD4 ndicho kipimo kinachomwonyesha mtu aliye hatarini kwa fangasi.

Na walio hatarini leo si wale wa mwaka 2002, waliokuja wakiwa hawajawahi kuona ARV. Wengi wamewahi kuanza dawa wakaacha. Mmoja alihama mkoa kutafuta kazi. Mwingine alificha makopo mume asijue, akachoka kuficha. Mwingine anameza kila siku lakini virusi vimekuwa sugu. Kwenye daftari la kliniki wamo, wanahesabiwa kuwa wako kwenye tiba.

Dakika kumi

Habari njema ni kwamba fangasi hupiga hodi kabla ya kuvunja mlango. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta alama zake kwenye damu kwa takriban wiki tatu kabla dalili hazijaanza. Wiki tatu za kumkamata mtu akiwa bado anatembea, anafanya kazi, hajui lolote.

Tangu mwaka 2011 kuna kipimo cha kufanya hivyo. Ni kijiti kinachofanana na kile cha ujauzito. Tone la damu, tone la maji ya kipimo, dakika kumi, mistari miwili. Hakihitaji umeme wala jokofu, na bei yake ni dola chache. Anayekutwa na alama bila dalili hupewa flukonazoli mapema ili kumzuia fangasi asipande kichwani, ingawa hata yeye hushauriwa atolewe maji ya mgongo kuhakikisha hajafika.

Afrika Kusini ilikwenda mbele zaidi. Kufikia mwaka 2016 maabara zake za taifa hazikuwa zikisubiri daktari aombe. Damu ya mtu ilipoonyesha CD4 chini ya 100, fundi alichukua iliyobaki kwenye kichupa hichohicho na kuipima kriptokokasi papo hapo. Mgonjwa hakutobolewa mara ya pili, na daktari hakuhitaji kukumbuka.

> Damu iliyobaki kwenye kichupa inatosha. Mgonjwa hatobolewi tena.

Wako wanaopinga kupima watu wengi namna hiyo, wakisema ni afadhali fedha ziende kuwatafuta walioacha ARV, kwani huko ndiko shimo lilipo. Hoja hiyo ina nguvu, ila inachukulia kuwa mambo hayo mawili hayawezi kufanywa na mtu mmoja katika ziara moja. Kitu cha namna hiyo kiliwahi kufanywa hapa hapa.

Katika utafiti wa REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. La pili lilipimwa kriptokokasi, na kwa wiki nne za mwanzo kila mmoja akatembelewa mara moja kwa wiki na mtu aliyefundishwa kwa kazi hiyo, si daktari wala nesi, akimletea dawa nyumbani, akimuuliza kama anazimeza na kama kuna dalili ya hatari. Ndani ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilipoteza asilimia 18 ya watu wake. La pili lilipoteza 13.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Waliotembea mitaani walikuwa wakilipwa. Nani angewalipa baada ya utafiti kuisha halikuwa swali la haraka wakati fedha za nje zilikuwa zikiingia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi za VVU katika ukanda huu zilijikuta zikihesabu upya watumishi, vipimo na nauli. Dodoma, Nairobi na Kampala sasa hawana budi kulijibu swali hilo kwa tarakimu kwenye bajeti zao: vijiti vingapi vya kupimia, vidonge vingapi vya flusitosini, na mtembeza dawa mmoja kwa wagonjwa wangapi.